Juu ya nini tunasoma Idaho wakati mlango umefungwa

Wengine mlishatuuliza kwenye grupu kama ni kweli andiko la mwezi huu litakuwa juu ya jimbo moja la Marekani, wakati Marekani yenyewe imeshafunga mlango. Ni kweli. Na tunaandika kwa sababu mlango umefungwa. Soma hadi mwisho ndipo utugombeze.

Yote yalianza Jumapili moja, tumekaa kama kawaida, kumi na kitu hivi, chai na viazi vya kuchemsha katikati. Dada mmoja wa kundi letu akatoa daftari kwenye mfuko. Lilikuwa daftari la masomo ya maandalizi, yale wanayofundishwa watu ambao kesi yao imefika mwisho na wanangoja ndege. Yeye alishapita interviu zote, vipimo vya hospitali alishamaliza, na jimbo lake alishaambiwa: Idaho. Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi. Wiki moja baadaye vita vikaingia Goma, na sisi huku ng'ambo ya mpaka tukalala chini ya vitanda, maana mabomu mengine yalikuwa yanaanguka hapahapa Gisenyi. Kwa hiyo yule dada alipigwa pande mbili ndani ya siku saba. Nyuma hakurudiki, mbele hakuendeki.

Akatuuliza: "Sasa hili daftari nilifanyie nini?"

Kaka mmoja akajibu haraka: "Washia makaa." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Tukalifungua basi, tuone kuna nini. Kulikuwa na jinsi ya kufunga mkanda kwenye ndege. Jinsi ya kuwasha jiko la umeme na kulizima. Namba ya kupiga ukipata hatari, 911. Kumtazama mtu machoni unapomsalimia, jambo ambalo kwetu mtoto akimfanyia mzee anapigwa kofi. Na juu ya Idaho yenyewe, mstari mmoja kwa mwandiko wake: "Kuna baridi sana. Wanalima viazi."

Hapo ndipo hasira yetu ilipoanzia. Mtu anaambiwa ataishi mahali maisha yake yote, azae huko, azikwe huko, na anachojua ni baridi na viazi. Hatumlaumu mwalimu, masomo ni siku chache na watu ni wengi. Lakini sisi vijana wenyewe, tulio na simu na megabaiti za kutazama video za wacheza mpira usiku kucha, tumewahi kuuliza? Kwetu "Amerika" ni kitu kimoja kikubwa kinachong'aa. Tunasema fulani ameenda Amerika kama vile tunavyosema fulani ameenda mbinguni. Ukiuliza jimbo gani, wanakuambia "iko mbali na New York." Basi.

Kwa hiyo tulijipa kazi ya wiki tatu kusoma jimbo moja tu, lile la daftari. Tuliyoyakuta ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo yetu.

Tuanze na hivyo viazi, maana ndivyo vilivyotuchekesha. Idaho ni kubwa kama mara nane ya Rwanda, lakini watu wake ni milioni mbili na kidogo. Karibu theluthi moja ya viazi vya Marekani yote vinatoka huko. Na hawaoni haya! Mwaka 1928 walichora kiazi kizima kwenye namba za magari, na mpaka leo magari mengi ya huko yanatembea na maneno ya kusema viazi vyao ni maarufu. Usiku wa mwaka mpya, mjini Boise ambao ni mji mkuu wao, watu wanakusanyika kwenye baridi kutazama kiazi kikubwa cha bandia kikishushwa kwa mtambo saa sita kamili. Tuliona video. Mmoja wetu alisema wazungu wana muda mwingi. Labda. Lakini fikiria kidogo: hapa Rubavu na kule Musanze, na ng'ambo kule Kibumba, viazi ndivyo vimejenga nyumba, vimelipa minerval, vimeoa. Ukienda sokoni unajua Kinigi kwa kuitazama tu. Lakini nani kati yetu amewahi kusema kwa kifua mbele kwamba yeye ni mtu wa nchi ya viazi? Sisi kiazi ni kitu cha kula wakati hakuna wali.

Goma angalau walifanya kitu. Pale kwenye rond-point waliweka sanamu ya mtu na chukudu yake. Chukudu ni mbao na magurudumu mawili, haina injini, imebeba viazi na makaa na mihogo kutoka milimani miaka na miaka. Mtu akiona ile sanamu anajua mji huu umeinuliwa na mgongo wa nani. Wengine walisema pesa za sanamu zingetengeneza barabara, na hatuwezi kuwabishia sana. Lakini leo, waulize watu wa Goma walioko Nairobi au Kampala wanakumbuka nini. Wengi watakutajia chukudu.

Kitu cha pili kilichotushika ni mawe meusi. Kusini mwa Idaho kuna eneo kubwa la lava iliyoganda, linaitwa Craters of the Moon, na tangu 1924 serikali yao inalilinda. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo walipelekwa kule kujifunza mawe ya volkano kabla ya safari zao. Tulipoona picha, tulinyamaza. Ni kama unatoka nyumbani kwetu unaelekea uwanja wa ndege wa Goma. Mawe yaleyale, weusi uleule, nyasi zinajitokeza kwenye nyufa kwa ubishi. Lava yao ya mwisho ilitoka kama miaka 2,000 iliyopita. Yetu ilitoka tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, na kabla ya hapo 17 Januari 2002, ilipopita katikati ya mji na watu kwa maelfu wakakimbilia huku Gisenyi. Wengi wetu tulikuja mara ya kwanza huku Rwanda tukikimbia mlima kabla hatujaanza kukimbia bunduki. Yule dada alitazama picha ya Idaho kwa muda mrefu akasema, "Kumbe ningefika nyumbani."

Sasa tuje kwenye alama rasmi, maana kila jimbo la Marekani lina muhuri, bendera, ua, ndege, na mengine hata mboga ya jimbo. (Ya Idaho ni kiazi, mlishajua.) Idaho iliingia kuwa jimbo tarehe 3 Julai 1890, la 43. Wakatangaza shindano la kuchora muhuri, na aliyeshinda alikuwa msichana anayeitwa Emma Edwards. Mwaka 1891 mchoro wake ukapitishwa, akapewa dola 100. Ndani aliweka mwanamke upande mmoja na mchimba madini upande wa pili, wamesimama kwa urefu unaolingana, maana alikuwa anasikia wanawake wa kule wanadai kura. Waliipata mwaka 1896, miaka 24 kabla ya katiba ya Marekani kuitoa kwa wanawake wa nchi nzima. Dada zetu walipiga makofi hapo. Kaka zetu walichelewa kidogo kupiga.

Na jina lenyewe, Idaho? Kwa miaka mingi watoto wa shule walifundishwa kwamba ni neno la wenyeji wa asili lenye maana ya kito cha milimani. Wanahistoria walipochimba wakakuta ni neno lililotungwa tu na mzungu. Hata Boise ni Kifaransa, inatoka kwenye neno la mahali penye miti. Mtu wa Goma akifika kule na Kifaransa chake cha shule ya msingi anaweza kuwafundisha maana ya mji wao wenyewe.

Lakini hapo kwenye muhuri kuna swali, na ndilo lililotuweka mpaka giza likaingia. Kuna mwanamke, kuna mchimba madini, kuna kichwa cha mnyama wa porini, kuna ngano, kuna mto, kuna mti. Nani hayumo?

Hawamo wenye nchi. Tarehe 29 Januari 1863, kwenye mto Bear, jeshi lilivamia kijiji cha Washoshone alfajiri, kwenye theluji, likaua mamia, wanawake na watoto ndani yao. Mwaka 1877 sehemu ya watu wanaoitwa Nez Perce waliamriwa kuacha ardhi yao ndani ya siku 30. Yakatokea mapigano, nao wakakimbia na watoto, wazee na farasi wao, zaidi ya kilomita 1,800, wakipigana huku wanatembea, wakielekea Kanada. Walikamatwa kwenye baridi ya mwezi wa kumi, wakiwa wamebakiza kama kilomita 65 kufika mpaka. Kiongozi wao Joseph akasalimisha bunduki. Wakapelekwa mbali kwenye nchi ya joto, wengi wakafa kwa magonjwa, na waliobaki wakaruhusiwa kurudi upande ule mwaka 1885. Joseph mwenyewe hakurudishwa kwenye bonde la baba yake mpaka akafa 1904.

Kilomita 65. Sisi tunaoishi hatua chache kutoka barrière tunaelewa hiyo namba. Kuna watu tunaowajua walikosa mpaka kwa chini ya hapo.

Na jambo lingine, la kuongezea tu: viazi vya kwanza vinavyojulikana kulimwa katika nchi ile vilipandwa na mmisionari mmoja pamoja na hao hao Nez Perce, mahali panaitwa Lapwai, miaka ya 1830. Kiazi kimekaa kwenye magari. Waliokipanda hawapo kwenye muhuri.

Halafu kuna kambi. Hatukuitegemea hii. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani iliamuru watu wenye asili ya Kijapani wa pwani ya magharibi waondolewe nyumbani. Wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa hapohapo Marekani. Kambi mojawapo ilijengwa Idaho, kwenye jangwa la vumbi, ikaitwa Minidoka. Ilifunguliwa Agosti 1942 ikafungwa Oktoba 1945, na kwa jumla watu kama 13,000 walipita humo. Nyumba za mbao na karatasi ya lami, familia nzima chumba kimoja, vyoo vya pamoja, foleni ya chakula, waya wa miiba, mnara wa mlinzi. Walitolewa kwenda kulima kwenye mashamba ya watu, yakiwemo ya viazi. Vijana wao waliingia jeshi la nchi ileile iliyowafungia wazazi.

Ukisoma maisha ya mle ndani, mtu wa Kiziba au Nyabiheke hahitaji mkalimani.

Kambi ilipofungwa, mabanda yakagawanywa, ardhi ikapewa wakulima. Wazee wengi hawakusema kitu, waliona aibu. Miaka mingi ilipita kimya. Ni watoto na wajukuu ndio walioanza kuuliza, wakaandika, wakarekodi, wakarudi kila mwaka na mabasi kukaa pale kwenye vumbi. Mwaka 1988 serikali yao ikaomba msamaha kwa sheria na kulipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Mwaka 2001 Minidoka ikawekwa kwenye orodha ya kumbukumbu za taifa. Leo kuna mnara uliojengwa upya na ubao wa majina ya vijana waliotoka kambini kwenda jeshini.

Tuna ndugu mmoja aliyekulia kambini huku na sasa yuko Twin Falls, mji ulio karibu na pale. Tulimpigia. Anafanya kazi kwenye maziwa, usiku. Alituambia amepita kwenye kile kibao cha barabarani miezi na miezi akifikiri Minidoka ni jina la shamba. Baada ya simu yetu alienda siku ya mapumziko. Akatutumia sauti, unasikia upepo tu mwanzoni, halafu anasema: "Wameandika majina, masta. Majina yote."

Msidhani tunasifia Idaho. Hukohuko Twin Falls, mwaka 2016, kuna watu walizunguka kutafuta saini ili kituo cha kupokea wakimbizi kifungwe. Saini hazikutosha, lakini walioziweka bado ni majirani. Ndugu yetu anasema kuna duka anaingia na duka haingii. Hicho nacho hakikuwa kwenye daftari, na kingefaa kuwa.

Sasa maoni yetu, maana mtasema tumegeuka walimu wa historia.

Kaka wa makaa alisimama akasema jambo zito, na tunaliweka hapa kwa haki. Alisema kusoma Idaho ni kuendeleza ugonjwa. Kwamba tumepoteza vijana wengi kwa kungoja. Mtu anakataa kujifunza ushonaji kwa sababu "mimi kesi yangu iko mbioni." Mwingine hataki kupanda hata mboga mlangoni, eti atavuna nani. Miaka saba, tisa, kumi na mbili. Yule dada mwenye daftari mwenyewe alikataa mafunzo ya saluni kwa sababu ndege ilikuwa karibu. Tukiendelea kuota majimbo, alisema, tutakufa tumeshika mizigo.

Anayo haki nusu. Kungoja kumetula, hatuwezi kukana. Lakini kilichotula ni kungoja Amerika ile ya kung'aa, ile isiyo na watu wala makaburi. Idaho tuliyoisoma haimfanyi mtu angoje. Inamfanya aamke na kuuliza: na sisi je? Wale wa Minidoka walikaa miaka mitatu na leo kuna mnara na majina. Sisi tuna watu waliozaliwa kambini, wakaoa kambini, wakazaa kambini. Yako wapi majina?

Hapahapa wilaya ya Rubavu kulikuwa na kambi ya Mudende. Mwaka 1997 ilishambuliwa mara mbili, Agosti na tena Desemba, wakimbizi kutoka Kongo wakauawa kwa mamia. Waliopona wakapelekwa Gihembe, kule Gicumbi. Wakakaa Gihembe miaka zaidi ya ishirini, mpaka mmomonyoko ukala mlima na mwaka 2021 kambi ikafungwa, watu wakahamishiwa Mahama. Nyumba zikabomolewa. Watoto waliochezea mpira pale, ukiwauliza wanatoka wapi, wanakosa la kukujibu. Waliopona Mudende wanakumbuka wafu wao kila mwaka, tunawaheshimu kwa hilo. Lakini maisha ya kila siku ya Gihembe, majina ya mitaa, nani alianzisha kwaya, nani alifundisha watoto chini ya turubai kabla ya shule kujengwa, hayo yako kwenye vichwa vya mama na baba zetu, na vichwa hivyo vinazeeka. Tumeshazika watatu mwaka huu.

Tunachosema ni hiki. Tuache kungoja ofisi ituandikie sisi ni nani. Kadi yetu inasema mkimbizi, namba, tarehe ya kuzaliwa ambayo kwa wengi ni 1 Januari kwa sababu hakuna aliyejua siku. Emma Edwards hakuwa mtu mkubwa, alikuwa mwalimu wa kuchora. Walioanza kuhoji wazee wa Minidoka walikuwa watoto wao. Sisi tuna simu ya kurekodi kila mmoja na hatujarekodi hata nusu saa ya bibi.

Na wale watakaopata ndege siku mlango ukifunguka, tunawaomba wasifike kule kama ukurasa mtupu wa kushukuru tu. Kushukuru ni vizuri. Lakini ujue unakanyaga ardhi ya watu waliofukuzwa, na kwamba majirani zako wengine ni wajukuu wa waliofungiwa. Utakuwa na la kuzungumza nao zaidi ya baridi.

Daftari halikuchomwa. Yule dada alianza mafunzo ya saluni mwezi uliopita, na kurasa zilizobaki wazi ametupa sisi. Ukurasa wa kwanza baada ya masomo ya ndege tumeandika "Gihembe," na chini yake kuna majina kumi na moja ya mitaa, ambayo wawili wetu bado wanabishana kuhusu matatu. Jumapili hii saa tisa anakuja mama mmoja aliyefika pale 1997 akiwa na mtoto mgongoni, atuamulie. Aliye na simu yenye chaji nzuri aje nayo. Viazi tutachemsha sisi.